Uzio wa Vitanda Kumi na Viwili

Ijumaa asubuhi Mama Pasi alikisimamisha wima kitanda cha kwanza, upande wa miguuni ukiwa shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino mpaka kikatulia. Kitalu chake katika bustani ya pamoja, cha tisa kutoka bombani, kilitakiwa kiwe na uzio kabla ya Jumamosi adhuhuri, la sivyo kingepewa mtu mwingine. Alikuwa amekisubiri miaka minne. Kabichi zilikuwa zimeshaanza kufunga, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshaanza kuzifungua.

Mbao zilimshinda bei. Vitanda vya chuma vilikuwa vya bure, vimelundikwa nyuma ya hospitali ambako alipiga pasi mashuka kwa miaka ishirini na miwili, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Shemeji yake, mume wa marehemu mdogo wake, alivileta kwa mkokoteni, safari sita, na akalalamika safari zote sita.

Kitanda cha tatu kilikohoa.

"Kimekohoa," alisema shemeji.

"Kaza waya."

Akakaza. Springi za kitanda cha nne zikabonyea kama mtu aliyejilaza, ingawa kitanda kilikuwa wima. Kufikia alasiri vichwa vilionekana vizuri, kila kimoja mahali pa mto, macho yakitazama kabichi. Kwenye kitanda cha saba alikuwa mdogo wake Mama Pasi.

"Umenenepa, dada," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, fundo gani hilo? Mbuzi akiliona atakucheka."

Shemeji akalifungua, akalifunga upya.

"Nani anakupikia siku hizi?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana umekuwa hivyo. Hamna maji hapo?"

Shemeji alimpa kopo lake. Maji yakapita kwenye springi, yakaingia ardhini. Wakaendelea na kazi, kwa kuwa vilibaki vitanda vitano.

Wodi vilikotoka vitanda hivyo ilifungwa kwa kufuli Ijumaa moja jioni, mwenye funguo akaenda harusini nazo, ikafunguliwa Jumatatu. Karatasi iliyotolewa baadaye ilisema wodi ilikuwa tupu. Jumatatu hiyohiyo Mama Pasi alipokea mashuka kumi na mawili. Akayafua, akayapiga pasi, akayakunja kwa nne kama inavyotakiwa.

Jumamosi saa tano Katibu wa bustani alifika na daftari lake, viatu vikiwa vimefungwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya tope. Zamani alikuwa karani wa wodi hiyo, na mwandiko wake ulisifiwa na kila mtu.

Tangu mkulima mmoja azungushie kitalu chake milango ya jirani zake, wote walikubaliana kwamba Katibu apite akigonga kila nguzo na kuuliza mara tatu, kwa sauti, kama ina mwenyewe. Yenye mwenyewe hung'olewa. Uzio wenye pengo si uzio.

Katibu alikigonga kitanda cha kwanza. "Kina mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi," alisema mzee aliyekuwa kitandani.

Katibu akauliza mara ya pili na ya tatu, akajibiwa mara ya pili na ya tatu, kwa adabu. Akaandika: *hakina*. Akasogea. Alipofika cha saba alikuwa ameshalizoea zoezi.

"Kina mwenyewe?"

"Mimi hapa, karani. Ulinipokea wewe. Uliniuliza dini, ukaandika."

Katibu aliinua kalamu. "Kuna upepo kidogo," alisema. "Mama Pasi, wewe umesikia mtu?"

Mama Pasi alitazama kabichi zake, safu nne, vichwa vikubwa kama vya watoto. Shemeji alikuwa akiikagua koleo yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Sijasikia," alisema Mama Pasi.

"Shemeji?"

"Masikio yangu haya, unayajua."

"Haya basi," alisema mdogo wake, bila hasira. "Nipeni maji."

Katibu alimaliza vitano vilivyobaki, akamwonyesha Mama Pasi mahali pa kutia sahihi, na shemeji akatia yake kama shahidi. Uzio ulikuwa imara, alisema, kazi safi. Alipofika njiani aligeuka kumkumbusha kwamba maji ya bomba lile ni ya mboga tu.

"Najua," alisema Mama Pasi.

Akajaza ndoo. Akaanza kumwagilia safu ya kwanza, kikombe kwa kila kabichi, na kwenye uzio vinywa kumi na viwili vilifunguka kimoja baada ya kingine kadiri ndoo ilivyopita mbele yao.