Wapagazi Saba

Belo la mitumba lilikuwa la mapazia, na Kuruthumu alilifungua mwenyewe kwenye meza yake pale soko la Mchikichini. Ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, mtu wa Masasi, na ishirini na tano kati ya hiyo kaimaliza kwenye vumbi la nguo za watu. Mle ndani kashakutana na mengi: soksi zenye kucha, mito yenye mate yaliyokauka. Hayo hayamtii kinyaa tena. Kilichokuja kumtia kinyaa kilikuwa kisafi, kimepigwa pasi na kinanukia sabuni.

Kilikuwa kitambaa kikubwa kupita shuka la sita kwa sita, kimetariziwa kwa mkono, na nisiwe mchoyo, kilikuwa kizuri. Akamwita Ignasi, mwalimu mstaafu anayeuza vitabu meza ya pili, amsomee. Ignasi akavaa miwani. Kumbe ilikuwa historia ya kijiji kimoja cha Uingereza, Aldercombe: kanisa, bwawa la bata, kisima, kilabu cha pombe. Kila kitu kina jina lake chini. Mchungaji ana jina. Farasi wa muuza maziwa ana jina. Hata nguruwe aliyeshinda kwenye maonyesho kaandikwa, Betsy, na mwaka wake.

Neno moja Kuruthumu alilisoma mwenyewe: Masasi. Lilikuwa kona ya chini. Kapteni wa kijiji hicho, vita ya kwanza ya dunia, anaumwa homa, kalala kwenye machila, anabebwa kutoka Masasi hadi Lindi mwaka 1917. Jina lake lipo, la mama yake lipo. Wanaombeba ni watu saba wa uzi mweusi, wanne wameshika miti, watatu wana mizigo kichwani. Hawana macho, hawana midomo, hawana majina.

Kuruthumu akakaa chini. Baba wa bibi yake, Ausi Chilumba, alichukuliwa Masasi mwaka huohuo kubeba mizigo ya Waingereza, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari, si ya uzima wala ya kifo. Bibi alikataa katakata kukaa matanga. Atamlilia vipi mtu ambaye hakuna aliyekuja kusema amekufa? Naye bibi akafa, mkongwe kabisa, bado anauliza. Mpaka leo marehemu wa ukoo wakiombewa dua, jina la Ausi linarukwa.

Ignasi akakipiga picha kitambaa, akawaandikia wenyewe kwa anwani ya barua pepe iliyoshonwa nyuma. Swali la Kuruthumu lilikuwa fupi: hawa saba ni akina nani?

Jibu lilikuja kesho yake, kutoka kwa mama mmoja katibu wa kamati ya historia ya kijiji, furaha tupu. Kitambaa kilitolewa kwa makosa pamoja na mapazia chakavu ya ukumbi. Wanawake arobaini walikishona miaka miwili. Wanaomba kirudi, gharama juu yao. Kuhusu wale saba, wanasikitika, hakuna kumbukumbu.

Kuruthumu hakukasirika bado. Binadamu anaweza asijue. Akawajibu, kwa mkono wa Ignasi, kwamba atakirudisha, ila ana ombi moja: atarizi jina la Ausi Chilumba chini ya mmoja wao, kwa uzi wake mwenyewe. Hasemi ndiye. Lakini kila mmoja wa wale ni mtoto wa mtu. Basi mmoja tu awe na jina, na ukoo upate pa kuelekeza macho. Akawapa na anwani ya nyumbani kwake, Kariakoo, wamtume mtu wa kukichukua.

Siku ya tatu Ignasi akaja na simu, uso umemshuka. Kamati imekaa. Wameguswa mno. Lakini jina lisilo na ushahidi litaharibu usahihi wa kazi, na urithi sharti ulindwe. Halafu mwishoni yule mama kauliza, eti kwa ajili ya maelezo ya ukutani: hili neno Kariakoo, tamu kama wimbo, lina maana gani?

Ignasi, aliyefundisha historia miaka thelathini, akamweleza Kuruthumu. Waingereza walikiita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps. Midomo ya watu ikakitafuna mpaka kikawa Kariakoo.

Kuruthumu alisonya hadi wateja wakageuka. Akatema mate kando ya meza kwa kinyaa. Nguruwe ana ushahidi! Wamekaa, wamekunywa chai yao, wameguswa, na neno lao wenyewe hawalijui.

Akaazima wembe kwa fundi cherehani. Kufumua ndiyo kazi yake, kila siku anatoa majina ya shule kwenye masweta ya watu bila kuacha tundu. Alifumua uzi kwa uzi mpaka alasiri. Kanisa hakuligusa. Nguruwe hakumgusa. Kapteni naye alimwacha palepale, kajilaza kwenye machila yanayoelea, hana wa kumbeba.

Ignasi akauliza amjibu nini yule mama.

“Mwambie watu wetu nimewachukua. Na hilo neno ni la kwao, wakajitafsirie.”

Nyuzi nyeusi akazifunga kwenye pembe ya kanga, akapiga simu Masasi. Akawaambia watandike mikeka, anakuja, matanga ya Ausi Chilumba yanaanza kesho.