Malipo kwa Sindano

Serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi, Khatibu, mfanyabiashara wa Dutwa, alifungua yake akamwajiri Wilhelmina, tabibu kutoka Bukoba. Hakumpa mshahara. Alimlipa kwa kila sindano aliyochoma. Kupima na kushauri hakukuwa na malipo.

Wilhelmina hakuwa na ndugu pale, wala Kisukuma hakukijua vizuri. Mtu pekee aliyezoeana naye alikuwa Kabula, mjane wa kijiji jirani cha Sapiwi, ambaye wanawe walikwenda machimboni Geita. Kila siku ya mnada alikuja akilalamika mwili unauma. Akishachomwa vitamini, alikaa kwenye benchi akisimulia habari za ng'ombe na za wanawe, mpaka wagonjwa wengine wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Siku moja Wilhelmina alishika bomba la sindano, kisha akaliweka chini. Nyama ya paja la yule mama ilikuwa imekakamaa kwa kuchomwachomwa.

"Mayu, mama yangu, hizi sindano hazikusaidii. Huumwi. Njoo tu tuzungumze, bure."

Kabula akajifunga kanga upesi. "Siumwi? Kwa hiyo nakuja kudanganya? Sema umenichoka."

Hakurudi. Minada ikapita, na Wilhelmina akawa anachungulia barabara ya Sapiwi kila baiskeli ilipopiga kengele.

Jumapili moja akamfuata. Alimkuta amelala kifudifudi, jipu limemvimba kwenye nyonga alipochomwa na mtu mwingine. Wilhelmina alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, akampeleka hospitali Bariadi, akamshika mkono jipu likipasuliwa.

"Nyumbani hakuna anayenigusa, mwanangu," Kabula alisema. "Kwenye sindano, angalau mtu anakushika."

Aliporudi Dutwa, Wilhelmina alimwomba Khatibu amlipe kwa mwezi.

"Nikulipe mshahara ukae kupiga soga na vibibi?" Khatibu alimjibu. "Watu wanataka sindano, dada. Usipowachoma wewe, watachomwa kwingine."

Kwa hilo hakukosea, na ndilo lililomuuma Wilhelmina zaidi. Akaacha kazi, akapokewa zahanati ya serikali Sapiwi, penye mshahara mdogo na kabati la dawa lisilo na kitu. Alijipa moyo kwamba atakuwa jirani na Kabula.

Alipokwenda kumtembelea, alikuta mlango una kufuli. Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua kwenda Geita. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala kizingitini. Wilhelmina alikaa kando yao mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akainuka kwenda kazini.