Farasi Mweupe, Akipatikana

Tangazo kwa watu wote wa Arua, Koboko na vijiji vya katikati, pamoja na kuku na mbuzi wao: leo, saa tatu kamili asubuhi, Mama Driwaru wa Dadamu anaingia mahakamani kudai matunzo ya mtoto wake. Barabara zifagiliwe. Wanaume wavue kofia. Tarumbeta, kama zipo, zipigwe.

Hazikuwapo. Saa tatu ilipita, saa tano ikapita, na Mama Driwaru alikuwa bado amekaa chini, mgongo ukutani, nje ya mahakama ya Koboko. Viatu vya kuazima alikuwa amevivua na kuvipakata ili visichakae. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri na hajatia kitu mdomoni. Kando yake alikaa mtoto mhusika, Phiona, miaka kumi na tano, kidato cha pili, ambaye shule yake ya bweni ilikuwa imemrudisha nyumbani na sanduku, godoro na barua fupi yenye adabu nyingi. Ada ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, ilisema barua, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Leo ilikuwa tarehe ishirini na sita.

Kufika hata kwenye ukuta huo ilikuwa kazi. Driwaru hulima karanga za watu, kwa siku, na jembe ni lake mwenyewe. Alianzia kwa Bwana Drani, afisa wa ustawi wa jamii, mtu aliyepewa ofisi, kabati na kalenda ili watoto wasitupwe. Bwana Drani alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Mama, sheria iko upande yako," alisema. "Baba lazima atunze mtoto. Imeandikwa wazi."

"Asante, bwana."

"Lakini wito lazima ufike kwa huyo mzee kule Oraba. Na sheria haina pikipiki."

"Ile pikipiki nje si ya serikali?"

"Pikipiki iko ya serikali. Mafuta iko ya mwenye shida."

Driwaru aliuza gunia la muhogo mkavu aliloliweka kwa ajili ya kiangazi. Bwana Drani akaenda Oraba na wito, akarudi siku ya pili ananukia mbuzi choma. Akampa Driwaru fomu.

"Mahakama haihesabu kwa huruma," alimfundisha. "Inaangalia kitu mbili. Mtoto anahitaji nini, na baba iko na uwezo gani. Andika yote kwa Kiingereza. Usiache kitu."

Kiingereza cha Driwaru huishia kwenye salamu ya asubuhi. Kwa hiyo Phiona alilala kifudifudi kwenye mkeka, kalamu mkononi, na mama yake akamtajia mahitaji huku akimenya karanga. Kila alichokitaja alikipunguza papo hapo, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Sabuni, vipande mbili."

"Mama! Muhula mzima?"

"Weka mbili. Wasiseme tunataka kutajirika."

"Sodo?"

Driwaru alifikiri. "Hiyo lazima waandike mahakamani?"

"Lazima."

"Basi weka kidogo. Iko na wanaume pale."

Viatu jozi moja. Daftari kumi. Blanketi aliliondoa kabisa. Kuna shuka, alisema. Phiona aliandika kila kitu kwa ule mwandiko uliomletea zawadi darasani. Kesho yake Bwana Drani aliipigia fomu muhuri, pa, bila hata kuishushia macho, akaitupa kwenye faili.

Saa sita waliitwa ndani.

Pale Oraba, hata mbwa wa mpakani wanamjua Alionzi, baba wa mtoto mhusika. Ni wakala wa forodha; mzigo hauvuki mpaka kwenda Kaya kabla kalamu yake haijagusa karatasi, na viatu vyake vina ncha ndefu za kung'aa. Leo alikuja na ndala, moja ya bluu, moja ya kijani. Shati lilikuwa limepasuka begani, mstari umenyooka sawasawa, mpasuko ambao mkasi pekee ungeuweza. Alikaa akiwa ameinamisha kichwa kama mfiwa. Nyuma yake aliingia wakili wake, Tahiru, ndani ya suti ya kijivu, na hakuna aliyeuliza fukara huyu amemlipa wakili kwa fedha gani.

Tahiru alitoa barua ya mwenyekiti wa kijiji chao cha Midia. Barua ilithibitisha kwamba Alionzi ni mkulima asiye na mapato, mwenye mbuzi mmoja, naye mgonjwa. Ilikuwa na muhuri wa duara, mzuri. Mwenyekiti ni baba yake mdogo.

"Mheshimiwa, huyu mtu iko na lori," Driwaru alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyopanga. "Lori mbili. Moja imeandikwa jina ya mtoto yangu kwa kichwa. PHIONA. Aliandika mwaka ule mtoto alizaliwa, akachinja kuku."

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani na faili nyingi. "Kadi ya lori iko na jina ya nani?"

"Ya ndugu yake."

"Basi lori ni ya ndugu yake."

"Ndugu yake iko na miaka kumi na tisa, Mheshimiwa. Bado anasoma."

"Mama, mimi nasoma karatasi. Sisomi lori."

Tahiru aliinuka tena, taratibu, akifunga kifungo cha koti. Mteja wake hamkatai mtoto, alisema. La hasha! Mteja wake alitoa mahari ya ng'ombe wanne kwa wazazi wa mama huyu, mbele ya mashahidi, na kwa mila mtoto ni wa ukoo wa baba. Kama mama ameshindwa, binti ahamie Midia. Atakula wanachokula wenzake.

Ng'ombe wanne walitoka wapi kwa mtu wa mbuzi mmoja, hilo nalo halikuulizwa.

"Mke yake mpya amezaa mapacha," Driwaru alisema. "Mnatafuta yaya."

"Mama, utajibu ukiulizwa," hakimu alisema.

"Sasa nani ataniuliza?"

Hakimu aliandika kitu, akafungua fomu ya mahitaji. Akaanza kuisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, haraka haraka kama anayesoma majina ya wagonjwa. Sabuni, vipande viwili. Sodo, pakiti moja. Viatu, jozi moja. Daftari kumi. Kisha akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Farasi mmoja. Mweupe, akipatikana. Kwa safari za kwenda shuleni."

Karani ndiye aliyeanza. Askari mlangoni akafuata, kisha benchi zima. Alionzi, mfiwa, alicheka mpaka ndala ya kijani ikamtoka. Driwaru hakuelewa neno hata moja. Alipoona watu wote wanacheka, naye akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Mheshimiwa," Tahiru alisema, naye kwa Kiingereza, akijipangusa macho, "mteja wangu mbuzi tu imemshinda. Wao wanadai farasi."

"Bwana Drani, huu si muhuri wako?"

Bwana Drani alisimama nusu. "Mimi nilipokea tu, Mheshimiwa."

"Na muhuri?"

"Muhuri pia ulipokea tu."

Ni nani aliyeandika farasi? Msimulizi wa habari hii hana taarifa yoyote. Msimulizi anaomba tuendelee.

Uamuzi ulichukua dakika nne. Orodha ya mama haiaminiki, hivyo imeondolewa yote. Uwezo wa baba umethibitishwa kwa barua ya mwenyekiti. Baba atatoa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, na kama muhula ujao mtoto hatakuwa shuleni, atahamia kwa baba yake Midia. Elfu ishirini hazitoshi hata nauli ya godoro kurudi bweni.

Nje, ng'ambo ya lango, lori lilikuwa linanguruma, limejaa saruji ya kwenda mpakani. Matairi yake yalikuwa mapya kabisa, nywele za mpira bado zimesimama. Juu ya kioo, kwa herufi nyekundu: PHIONA. Alionzi alizirusha ndala mtaroni, akapokea viatu vyake vya ncha kupitia dirisha la lori, akavivaa akiwa ameliegemea, chini ya jina la binti yake.

"Mama Phiona, salimia watu ya Dadamu," alisema. Akamgeukia mtoto mhusika. "Binti, usilie. Mwaka huu tairi imenimaliza."

Phiona mmoja akaondoka kwenda Kaya, mafuta tele. Wa pili akabaki ameshika viatu vya kuazima, maana mama alikuwa ameshavivua tena.

"Walicheka nini?" Driwaru aliuliza.

Mtoto mhusika alitazama barabara.

"Nimekuuliza. Kuna kitu wamesoma, wakacheka. Nini?"

"Farasi."

"Farasi gani? Nani ameandika farasi?"

Hapa msimulizi angependa kuwataarifu kwamba mvua ilianza, au kwamba ng'ombe alipita. Hakupita. Mama ananitazama, na mwandiko ule anaujua.

Ni mimi. Mtoto mhusika ni mimi, na farasi nilimwandika mimi. Nilijua Drani hasomi. Shuleni tuliwahi kumwandika mbuzi kwenye orodha ya wanakwaya, akaitwa siku tatu mfululizo, tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Nilidhani kila muhuri ni mchezo.

Mama hakunipiga. Alikaa chini, palepale kwenye changarawe, akafuta vumbi la viatu vya watu kwa ncha ya kanga yake.

"Farasi ingekula nyasi tu," alisema. "Ile lori inakula mafuta. Na hawakucheka lori."

Basi nimekiri. Uongo mmoja, wa mnyama mmoja, na nimeulipia. Barua ya mbuzi mgonjwa iko kwenye faili, na muhuri wake mzuri wa duara, na aliyeiandika hakuna aliyemuita akiri.