Kitambaa Kisichokunjwa

Siku mwalimu wetu wa ushonaji alipofungia kabatini zile karatasi za kukatia nguo, nilitamani kumrushia mkasi. Mtu mzima mimi, nimeacha vyombo vichafu nyumbani, halafu naambiwa, "Leo hakuna cha kufuatisha. Mtazame utakayemvalisha, kisha ujaribu."

"Mwalimu, sikuja hapa kucheza kombolela!"

Tulimwita Taratibu, maana hata chafya yake huanza kwa kufikiriwa. "Ukikosea, mama, utakuwa umejua kitu," akasema, akaenda zake.

Jamani, kitambaa chenyewe kilikuwa cha gauni la binti yangu, la harusi ya kaka yake. Mtoto huyu alizaliwa na bega moja juu, moja chini. Kila gauni nililomshonea, nikifuata karatasi bila kupotoka hata kidogo, lilimkaa upande. Akalifunika kwa sweta, hata jua likiwaka vipi. Wiki hiyo akaniambia harusini haendi. "Mtanisimulia," alisema, na hakulia. Hilo ndilo lililonikata maini.

Nilikuwa nimekuja naye darasani kumpima. Akasimama dirishani na sweta lake. Mwanga ulikuwa laini, nyuzi zikielea hewani, cherehani zikinong'ona, nikahisi chumba kizima kimesinzia. Nikakunja kitambaa katikati, kama fundi yeyote: unakata mara moja, unapata pande mbili sawasawa. Nikashika mkasi. Mkono ukagoma.

Pande mbili sawasawa. Mwanangu anazo wapi? Miaka yote hiyo nilikuwa nakunja kitambaa, na yeye namkunja humo humo. Roho iliniuma, sikufichi.

Nikakikunjua.

"Vua sweta."

"Mama, watu!"

"Watu wana yao."

Na kweli, kila mtu alikuwa kazama kwenye kitambaa chake. Nikamtandazia cha kwangu mwilini, nikakifuata kwa chaki kule kilikotaka kwenda. Bega la juu likapata fungu lake, la chini likapata lake. Nilimpapasa mgongo polepole kama nilivyokuwa nikimwogesha alipokuwa mchanga, naye akafumba macho. Sijui tulikaa hivyo muda gani.

Shingo niliikata kubwa mno. Nikasonya. Taratibu akapita.

"Enhe, umejua nini?"

"Nimejua wewe msumbufu."

Akacheka, mimi nikatafuta kipande cha kuzibia.

Gauni lilipokwisha nikalilaza mezani. Jirani yangu wa cherehani akainamisha kichwa. "Mwenzangu, mbona limekwenda kombo?"

"Subiri," nikamwambia.

Binti akalivaa. Likashuka likanyooka, pindo sawa mzunguko mzima. Akajitazama kwenye kioo, akageuka, akageuka tena. Kisha akavaa sweta lake juu, tukarudi nyumbani. Nikasema moyoni, basi, ndiyo imetoka hiyo.

Siku ya harusi nilimkuta mlangoni ananisubiri, kavaa gauni. Tulishafika barabarani ndipo nikashtuka.

"We, sweta lako je?"

Hakusimama. "Nimeliacha kwenye msumari, mama. Twende, tutachelewa."

Nikainama nikijifanya nafunga kiatu, nikalia.