Mia Mbili na Kumi na Nne, Mara Mbili

...na maji haya yaishe basi, anawaza mwalimu Nahum, mikono juu ya beseni, Mama Mwadi ameinama anamnawisha kama mgeni wa heshima, ugali wa bukari unafuka mezani na yeye hasikii njaa, anasikia aibu, maana wa kunawishwa hapa ni Gamaliel, mume wa Mwadi, mwenye nyumba, mwalimu mwenzake, ambaye tangu wanajeshi wamchukue kubeba risasi za vita hii hajarudi wala hajasikika... "Sabuni iko hapa, Maître," anasema Mwadi, naye anasugua, anasugua, lakini kichwa kimesharudi uwanja wa shule, walimu saba mstarini, yeye wa kwanza, Gamaliel wa mwisho kwa kuwa alichelewa akifunga madarasa, na yule askari anafoka, muntu moja tu! weye ya hesabu, chagula!... na akachagua, ee Mungu, alichagua, akasema kwa sauti yake ya kanisani, asionewe mtu, namba kubwa igawanywe kwa saba, ikibaki moja aende wa kwanza, ikibaki mbili wa pili, isipobaki kitu aende wa mwisho, na namba aitoe Gamaliel mwenyewe, tarakimu tatu, tuziandike mara mbili ili asiijue ila Mungu... asiijue ila Mungu! kwa mdomo huu huu unaoongoza sala... na Gamaliel, maskini, akatabasamu, akasema mia mbili na kumi na nne, wakaandika mchangani 214214, wakagawanya, ikatoka 30602, hakikubaki kitu, wenzake wakanong'ona ni mapenzi ya Mungu, naye Nahum akaitika amina, yeye aliyejua tangu mwanzo kwamba tarakimu tatu zozote ukizirudia umezizidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu, kwa hiyo saba imo humo siku zote, kama mchwa ndani ya mlango, Gamaliel angetaja hata umri wa Methusela angekwenda tu... "Maître," sauti ya Mwadi imeshuka, "kosa iko yangu. Ile mia mbili kumi na ine njo namba ya wimbo ya ndoa yetu, miye njo nilikuwa namuimbia kila asubuyi. Kama angetaja ingine, angebakia." ...yake? kosa lake? kumbe huyu naye halali usiku, kumbe Nahum hakumtupa mtu mmoja, amewatupa wawili, na wa pili anamwaga maji mikononi mwake, na pole ya kichungaji iko tayari ulimini, pole Mama, njia za Bwana hazichunguziki, imeshamsaidia mara nyingi pole hiyo, leo inamkwama kama mwiba wa samaki, atanichukia, anawaza, atanifukuza, mji mzima utajua, na wajue, anichukie mimi kuliko kujichukia yeye... "Mama," anasema, mikono bado juu ya beseni, "taja ingine." "Ingine ya nini, Maître?" Maji yanaendelea kumiminika, povu limekwisha zamani. "Namba yoyote. Tarakimu tatu. Kisha nitakuonyesha ile nilifanya."