Nywele Kwenye Kochi la Mama

Jumapili alasiri Mapokezi alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya msusi wake, kidevu kikigusa kifua. Jina hilo walimpa ndugu zake siku alipoajiriwa kukaa mbele ya mlango wa vioo wa kampuni ya bima, akikaribisha wageni na kupokea simu, nalo likamganda. Msusi alizikusanya zile nywele za pembeni, laini kama za mtoto mchanga, akazivuta, akaziunganisha na nywele za bandia, akaanza kusuka. Machozi yakamtoka Mapokezi yenyewe, kama kawaida, na msusi akampa kitambaa, kama kawaida.

"Vumilia, shoga," alisema msusi. "Msuko usiouma haukai. Ukiona macho yamepanda kama ya paka, ujue kazi imeiva."

Sharti la kazini lilikuwa hilo: nywele zote nyuma, zimebanwa, zimefungwa fundo kubwa ambalo mgeni angeliona akiwa bado barabarani. Nywele zake peke yake hazikutosha fundo la namna hiyo, kwa hiyo alifumua na kusuka, akafumua na kusuka. Vipele vilimwota kwenye paji la uso, na siku za mwanzo za kila msuko alilala kifudifudi. Kila aliyemlalamikia alimkumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Alivumilia sana, ila mbivu hakuziona. Alichokiona ni mshahara, na mshahara ndio uliomweka mdogo wake chuoni.

Nywele za pembeni ziliondoka Jumatano, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Mapokezi alikuwa kwenye simu na mteja ambaye gari lake lilikuwa limegongwa na ng'ombe. Upande wa kushoto ulitangulia, wa kulia ukafuata. Ziliteremka shingoni taratibu, zikakatiza juu ya meza, zikangoja mlangoni mpaka mleta vifurushi alipoingia. Mleta vifurushi akazipisha, zikatoka. Mapokezi akamalizia kumweleza mteja kwamba ng'ombe naye lazima apigwe picha, akaweka simu chini, ndipo akajishika pembeni mwa uso. Ngozi ilikuwa laini na ya baridi kidogo, kama kigae.

Jioni mama yake akapiga simu.

"Nywele zako zimefika," alisema. "Zimenikuta napiga pindo la suruali ya mtu. Zimechoka, zimejaa vumbi. Nimezipa maji."

Mapokezi akauliza kama zilisema chochote.

"Ziniambie nini, mwanangu, na mimi ndiye niliyezizaa?"

Jumamosi alikwenda kuziona. Mama yake alikuwa mshonaji, na sebule yake ilikuwa cherehani, vipande vya nguo na kochi moja refu. Nywele zilikuwa zimechagua mgongo wa kochi, pale Mapokezi alipokuwa akiegemeza kichwa utotoni akisubiri mama amalize kushona aje amchane. Zilikuwa zimeshika mizizi kwenye kitambaa cha kochi, nyeusi, nzito, zimejisokota zenyewe. Kila jioni mama alizichana kwa chanuo la meno mapana, akianzia nchani. Mteja aliyetaka kukaa upande huo aliambiwa hapo pana mtu, naye alisogea. Mwalimu mmoja wa chekechea, aliyekuja kuchukua gauni lake, alizisifu kwamba zimejaa, akauliza zinapakwa mafuta gani. Mama alimjibu kwamba ni maji tu, na kuachwa zipumue.

Mapokezi alifumua msuko wake, akaketi, akaegemea. Nywele zilitulia kidogo, kama mtoto aliyenuna anayeitwa aje ale. Kisha zikasogea, zikapanda, zikakaa mahali pake. Zilikuwa za moto. Jumapili alikwenda nazo sokoni, upepo ukapita katikati yake, na muuza nyanya akamwambia leo amependeza kama mtu aliyelala vizuri.

Jumatatu asubuhi alichukua brashi, jeli na fundo la bandia, akazivuta nywele nyuma. Kabla hajafunga fundo, zile za pembeni zilishateremka na zilikuwa zikingoja mlangoni. Akazifungulia. Alijua zinakokwenda.

Siku hiyohiyo alijikaza, maana kuomba kulimpa taabu, akaenda kwa msimamizi wake. Aliuliza kama angeweza kuja kazini na nywele zisizobanwa, hata fupi, hata zikiwa safi tu. Msimamizi hakuwa mtu mbaya; yeye ndiye aliyempigania apate kazi ile. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia sharti limetoka juu, na huko juu hawaulizwi. Kisha akavua wigi, kama mtu anavyovua miwani, akaliweka juu ya mafaili. Kichwa chake kilikuwa kitupu kuanzia kwenye paji hadi utosini.

"Zangu ziliondoka mwaka niliopandishwa cheo, nikiwa kikaoni," alisema. "Mama yangu alikuwa ameshatutoka. Mpaka leo sijui zilikwenda kwa nani."

Akarudisha wigi, akalinyoosha, akauliza kama wageni wa saa nne wamefika.

Mapokezi alirudi mezani. Alikuwa amejiandaa kukasirika, na sasa hasira hakuiona ilipo. Hakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kushukuru, vitu vyako vikikukimbia, viwe na mahali vinapopajua. Jioni alimpigia mama amwambie ahsante. Akaishia kumuuliza amekula nini. Mama akamwambia. Ndipo akamsimulia habari ya msimamizi.

"Kochi ni refu," alisema mama. "Mlete."

Msimamizi alikuja Jumamosi, amefunga kitambaa kichwani, amebeba mfuko wa machungwa. Aliamkia, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.  Mama aliweka bakuli la maji karibu na mlango, akauacha mlango wazi, akarudi kwenye cherehani. Mapokezi alichukua sindano zote za mama, akazitunga uzi moja moja, za uzi mweusi peke yake, za uzi mweupe peke yake, akazichomeka kwenye kile kimto cha sindano, ili mama asisumbue macho wiki nzima. Mama aliona, akamgusa bega kwa kiwiko, wakaendelea.

Nywele za msimamizi zilifika jua likiwa limeanza kupungua ukali. Zilikunywa kwanza. Nyingi zilikuwa zimegeuka mvi njiani. Zikapanda ule upande mwingine wa kochi, zikajinyoosha.

"Zimezeeka," alisema msimamizi.

"Zimetembea," alisema mama.

Msimamizi akafungua kitambaa, akaegemea. Punde si punde alikuwa amelala, mdomo wazi, na mama akampa Mapokezi ishara apunguze redio.

Jumatatu msimamizi alisimama karibu na mlango wa vioo kama ilivyo desturi, wigi kichwani, nywele zake akiwa ameziacha kwenye kochi, akiwakagua wasichana wa meza ya mbele. Alipofika kwa Mapokezi alipitisha kidole pembeni mwa uso wake, pale palipopakwa wanja ili pasionekane, akasema fundo limelegea. Akazunguka nyuma yake. Alikusanya nywele zilizobaki kwa mikono miwili, akazivuta, akazikaza, akachomeka pini moja zaidi. Macho ya Mapokezi yakapanda, na machozi yakamtoka yenyewe.

"Msalimie mama," msimamizi alimwambia karibu na sikio. "Mwambie nashukuru sana."

"Nitamwambia, dada," alisema Mapokezi, na simu ikaita, akaipokea.