Tulipoitafutia Karavani Mahali Kimya

Farid alizima injini, na sisi watatu tukabaki ndani ya pikapu kama watu wanangoja padri aanze. Mbele yetu ni nyasi kavu mpaka kwa kilima, na miti ya miiba imesimama mbali mbali kama imekosana. Hakuna nguzo ya stima. Hakuna paa. Hata njia yenyewe ilikuwa imechoka ikaishia hapo.

"Umeona sasa?" nikamwambia mke wangu. "Kimya."

Teresiah alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, macho amefunga.

"Jenereta," akasema.

"Jenereta gani?"

"Hiyo, Baba Kate. Nyuma ya kilima. Inapiga kama moyo wa mtu ametoka kukimbizwa."

Nikamwangalia Farid. Farid akaangalia usukani.

Wacha nirudi nyuma, maanake nimeanzia katikati. Mimi ni fundi wa bodi. Shule niliacha darasa la nne, nikaingia gereji huko mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, kunyoosha malori. Lori ikigonga ukuta inaletwa kwangu imekunja uso, mimi naikunjua kwa nyundo. Mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, hiyo ndiyo jibu. Farid alikuja gereji yetu akiwa kijana hana hata ndevu, akajifunza kuchomelea, na saa hii ndevu zake ni nyeupe kunishinda.

Sasa, siku moja mwaka jana, nimekaa kwetu mtaa wa Tassia nakunywa uji, Teresiah anachagua maharagwe. Akasema, bila kuinua kichwa, "Naenda kwa Kate, Nyahururu. Nimechoka na kelele."

Kate ni binti yetu, ameolewa huko, ana shamba na ng'ombe.

"Utarudi lini?"

"Sijasema nitarudi."

Akaendelea na maharagwe. Ile mbovu anaweka kando, ile nzuri anatia kwa sufuria, taratibu, na mimi nikaweka uji chini. Mimi Nyahururu nitafanya nini? Ng'ombe ukimpiga nyundo hanyooki. Nikaona huyu mama ananitoka hivihivi, na bila hata kugombana.

Nikafikiria, tatizo ni Tassia. Na ukweli, Tassia kuna kelele. Gorofa zimekaribiana mpaka unaweza kumpitishia jirani chumvi dirishani. Kuna kanisa chini, kuna kanisa juu, na katikati kuna mtu ana spika. Nikasema, kama mama anataka kimya, mimi nitampelekea kimya, halafu namrudisha nyumbani. Huko nyuma ya gereji kulikuwa na fremu ya trela imekaa mpaka nyasi zimeota ndani. Mimi na Farid tukaijengea nyumba, ikawa karavani. Mabati mazuri, kitanda, jiko la gesi, tangi ya maji chini, sola juu. Tulipoileta Tassia watoto wote wa ploti wakaizunguka, wakidhani babu wa mtaa anafungua kibanda cha soseji na chipsi.

"Guka, smoki zinaanza lini?"

"Guka, nipatie chipo ya mia!"

Teresiah akatoka, akaizunguka naye, mikono kiunoni. "Ati nilale kwa kibanda cha chipo?" Lakini nilimwona akibonyeza godoro. Halafu akaniangalia. "Nipatie mahali sitasikia kitu chochote cha mtu. Ukipata, sitaenda kwa Kate. Usipopata, Kate anakuja kunichukua mwisho wa mwezi."

Basi nikaanza kutafuta, na nakwambia, sikuwa najua nchi hii. Nimekaa Nairobi nikinyoosha magari ya watu wamefika Moyale, na mimi mwenyewe sijapita Machakos. Farid ana simu inaonyesha dunia kutoka juu, unaiona kama wewe ni mwewe. Tukawa tunakaa gereji kwa chai, tunapanua hapa, tunapanua pale. Hii laini nyeupe ni barabara ama ni mto umekauka? Hii nukta ni mti ama ni nyumba? Nilikuwa nataka kujua kila kitu, kama mtoto ameshika saa ya babake.

Na kuna mambo tulijifunza. Kwanza unaenda bila karavani, uone njia. Unashuka, unatembea, unaangalia pale utageuzia, maana kurudisha karavani nyuma ni kama kusukuma mbuzi kwa mkia. Udongo ukiwa mweusi, toka, hata kama umekauka, kwa sababu mvua ikinyesha utakaa hapo mpaka Krismasi. Kwa mto mkavu usilale, mvua inaweza kunyesha kwa wengine na maji yakakujia wewe. Na hakuna ardhi haina mwenyewe. Hata ukiona ni jangwa, tafuta mtu, salimia, omba.

Hivyo mimi na Farid tukapata mahali kule mbele ya Isinya. Safi kabisa. Tukamleta Teresiah, akashuka, akasimama kidogo, akasema, "Kuna mashine ya posho inasaga," akarudi kwa gari. Tukapata kwingine, upande wa Konza. Akasema kuna pampu ya maji. Nikaanza kukasirika. Nikajisemea, huyu mama ameshaamua, anatafuta tu sababu. Na ndiyo sasa tuko upande wa Magadi, mwezi umebaki siku chache, na yeye anasikia jenereta.

"Farid," nikamwambia, "wewe unasikia hiyo jenereta?"

Akakuna ndevu. "Naisikia, Mzee."

"Na siku ile tulikuja wawili?"

"Hata siku ile. Na mashine ya posho. Na pampu pia."

"Na hukusema! Unaniacha nikiaibika mbele ya mama!"

"Mzee Thuo, wallahi, nilidhani kwako hiyo si kelele. Sisi tunagonga mabati kutwa. Nikasema, kajenereta kadogo hivyo, Mzee hata hawezi kukaweka kwa hesabu."

Teresiah akashuka kwa gari. Akaniambia nishuke pia, niangalie kilima. Nikaangalia. Nikangoja aniambie ni nini naangalia. Kilima ni kilima. Nikachoka, nikageuka, nikawapata wote wawili wamesimama hapo nyuma, hatua kidogo tu, wananitazama vile watu hutazama gari limeanguka.

"Nilikuita," Teresiah akasema. "Nimekuita Thuo."

Tangu Kate azaliwe sijawahi kusikia jina langu kwa mdomo wake. Na hiyo siku alilitaja, halikunifikia.

Kwa gereji, unajua, kila mtu huongea kwa kupiga kelele. Nani atajua nani kiziwi?

Njia ya kurudi, ni yeye alikuwa anachagua. "Farid, simama." Anatoa kichwa. "Hapana, enda." Mimi na Farid tulikuwa tunaangalia udongo na mahali pa kugeuza, yeye anaangalia kwa masikio, na hivyo ndivyo tulipata ile bonde ndogo nyuma ya mawe mekundu. Mwenye shamba, mzee mmoja Mmaasai, akatuuliza tunataka kujenga nini. Farid akamwambia hatujengi, tunataka kukaa tu. Akacheka sana. Akasema tukae.

Ijumaa alfajiri tukavuta karavani mpaka hapo. Farid akaiweka sawa na mawe chini ya magurudumu, akatuacha na maji, akaenda, akasema ataturudia Jumapili. Teresiah akapika chai. Tukakaa kitandani, mlango wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka kwa miguu.

"Kile nilikuwa nakimbia," akasema, na alikuwa amekuja karibu na sikio langu, "si Tassia. Ni redio yako. Unaifungua asubuhi mpaka vikombe vinatetemeka kwa kabati. Nakwambia punguza, unaniambia sawa, na hupunguzi. Miaka, Baba Kate. Nilidhani ni dharau. Nilidhani unataka sauti yoyote ndani ya nyumba isipokuwa yangu."

Nikashika kikombe.

"Tukifika penye mtandao nitampigia Kate asije," akasema. "Na Jumatatu tunaenda kwa daktari wa masikio, mimi na wewe."

"Sawa."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Halafu nikamuuliza, kwa sababu kweli nilitaka kujua, "Hapa kuna nini?"

Akasikiliza. "Upepo kwa miiba. Kengele ya mbuzi, mbali. Na kuna kitu kinatembea juu ya paa letu."

Mimi sikuwa na upepo wala kengele. Nikaweka kiganja kwa bati ya dari, vile naweka nikitaka kujua kama bodi imenyooka, maana jicho linadanganya na kiganja hakidanganyi. Nikangoja. Ikaja, ndogo, tik tik tik, vidole vya ndege, ikapita chini ya mkono wangu ikaenda upande wa mlango. Na nyingine ikaifuata.

"Ni wawili," nikasema.

Teresiah akaweka kikombe chini, akatoka nje polepole, akaangalia juu, jua limempiga usoni.

"Watatu," akasema. "Mmoja amesimama."